Barua Kumi na Moja za Ignasi

Kwao Ndanda mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Hali chakula naye, hakai naye mkeka mmoja, na akikutana naye njiani huingia porini mpaka apite. Akiwa na neno la kumwambia, humpa mtu wa kati alipeleke. Mtu asipokuwepo, huambia kuku, au mti, au kinu, na mkwe husikia kama vile kwa bahati. Mwiko huo hufunguliwa kwa kuku mmoja tu, anayepelekwa baada ya mtoto wa kwanza kuzaliwa. Ignasi alikuwa hajapata mtoto wala hajapeleka kuku, na sasa mama mkwe alikuwa amekaa kitandani kwake, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, katika nyumba ya vyumba sita na choo kimoja.

Loo! Mkwe wa namna hiyo heri akae kwao.

Bibi Josepha alifika Ijumaa bila taarifa, baada ya siku mbili za basi kutoka kusini, na korosho zake na unga wa muhogo. Alimkuta bintiye Selina ana mimba ya miezi mitano na mikono imepauka kwa kufua bila sabuni, maana miaka ile sabuni ilikuwa ya kusimulia. Ignasi akakusanya shuka lake, akahamia chumba cha jirani yake Shomari, akawa anaishi na nyumba yake kwa masikio. Kuta zile za udongo zilikuwa hazifichi hata kikohozi.

"Mwanangu," alimsikia mama mkwe akiuliza, "bahari iko upande gani?"

Selina akakisia. "Kule," akasema.

"We Selina, kule si Magomeni!" akadakia mpangaji mwenzao aitwaye Sofia, aliyekuwa ukumbini anachambua mchele. "Bahari huku, shoga, nyuma yako. Miaka mitatu mjini, utaulizwa na wageni uaibike!"

Sofia alicheka peke yake. Bibi Josepha hakucheka, na upande wa pili wa ukuta Ignasi akaogopa.

Alikuwa na sababu. Kusini kwao mwanamume ndiye anayehamia kwa mke, akalima shamba la wakweze mpaka waridhike. Ignasi alikuwa amepata kazi ya kuchomelea mabehewa kwenye karakana ya reli, Gerezani, akaomba aondoke na mkewe. Wajomba walikataa. Akaapa mbele yao kwamba Selina hatafungiwa chumbani kama kuku wa kuatamia, kwamba atalijua jiji kama anavyojua jiko la mama yake. Kwa kiapo hicho wakamwachia. Na ili wasidhani alikula kiapo bure, akawa anawaandikia barua. Pale karakana, saa ya chakula, mgongo ukiwa umeegemea gurudumu la behewa, aliandika jinsi yeye na Selina walivyokwenda hapa na pale, Selina alivyoshangaa, Selina alivyocheka.

Aliandika barua kumi na moja. Selina alijua tu kwamba mumewe anapeleka salamu nyumbani. Naye Ignasi aliamini kwamba barua zikifika Ndanda husomwa na katekista Aristides baada ya misa, watu wakapiga vigelegele, kisha karatasi ikasokotewa tumbaku. Asichojua ni kwamba Bibi Josepha alikuwa amemaliza kisomo cha watu wazima, cheti anacho, na barua zote anazo pia. Alizifunga pembeni mwa kanga, akaja nazo mjini.

Jumamosi mchana alizifungua akamsomea bintiye. Alisoma polepole, kidole juu ya neno, kama mtu anayepita kwenye matope. "'Jumapili iliyopita… mimi na Selina… tulipanda lifti ya ghorofa refu… Selina alicheka… hadi machozi.'"

Ignasi alijifunika shuka kichwani, na bado alisikia. Zilisomwa zote kumi na moja.

"Mwambie mwenzio," mama akamaliza, sauti ameielekeza ukutani, "kesho baada ya misa atutembeze. Nitafuata barua, moja moja. Kama haya mambo ni kweli, nitamshukuru Mungu na Jumatatu nitaondoka peke yangu. Kama ni uongo, Jumatatu tunaondoka wawili, wewe na mimi, na huyo mtoto atazaliwa kwetu, na huko ndiko atakakokulia."

"Nimesikia, mama," Selina akasema. Kisha akagonga ukuta mara mbili. "Ignasi, umesikia?"

"Nimesikia," likajibu shuka.

Sasa, mtu angedhani Ignasi aliogopa kwa kuwa mahali pale alikuwa hapajui. Wapi! Alipajua vizuri mno, na hapo ndipo penye ubaya. Kila Jumapili, kwa mwaka wa tatu sasa, alikuwa akimwambia Selina kuwa ana ovataimu karakana. Akitoka hapo hakwenda karakana. Alikwenda kupunga upepo: mara Makumbusho, mara ufukwe wa Oysterbay, mara Kigamboni kwa pantoni, peke yake, na karanga zake kwenye karatasi. Selina siku hizo alikuwa kwenye foleni ya sukari. Hapakuwa na mwanamke mwingine wala ulevi. Ni uchoyo mtupu, na Ignasi mwenyewe alikuwa hajapata kuuita kwa jina lake.

Misa walikwenda Kanisa la Mtakatifu Yosefu, pale mbele ya bandari, Selina kwa mara ya kwanza, maana Jumapili zake zilikuwa za foleni. Walipotoka wakajipanga safari: Ignasi hatua kumi mbele, mgongo amewapa, Selina katikati, Bibi Josepha nyuma na kikapu chake mkononi na barua kwenye kanga. Mtu asiyejua angesema wale wanawake wawili wanamfukuza mdaiwa.

"Selina, mwambie mama hapa ni Sanamu ya Askari," Ignasi akasema, akiiangalia sanamu yenyewe.

"Mama, hapa ni Sanamu ya Askari."

Bibi Josepha akakunjua barua ya kwanza, akapitisha kidole. "'Selina aliuliza… kwa nini bunduki yake… imeelekea bandarini.' Uliuliza hivyo?"

Selina alimtazama yule mtu wa shaba na kisu chake cha kwenye bunduki. Alikuwa anamwona mara ya kwanza. "Niliuliza," akasema.

Ignasi alishusha pumzi. Kumbe mke anamfichia! Alimpenda wakati ule mpaka akaona aibu, na aibu hiyo ilimkaa shingoni njia nzima ya kwenda kwenye ghorofa.

Barua ya pili ilikuwa ndiyo ya lifti. Jengo lenyewe lilikuwa la ofisi, limefungwa siku ya Jumapili, lakini mlinzi aliposikia kuna bibi ametoka Ndanda kuja kuona lifti akasema karibuni, leo hata mabosi hawapo. Hapo pakawa na kazi. Lifti ni kasanduku, watu watatu wanagusana mabega, na mkwe atasimama wapi? Ignasi hakufikiri mara mbili. Akawaachia lifti na mlinzi, yeye akazikimbilia ngazi, ghorofa saba, na viatu vya misa.

Alipofika ya tano alisikia lifti inapita ndani ya ukuta, na humo ndani ukelele: "Yesu na Maria! Mama nakufa! Inatupeleka wapi?"

Alikuwa Selina.

Alifika juu anahema kama mvukuto. Mlango ulifunguka. Bibi Josepha alikuwa amesimama wima, kikapu mkononi, ametulia tuli. Selina alikuwa amemkumbatia kiunoni, macho ameyafumba.

"Barua inasema ulicheka," mama akasema.

"Siku ile sikuwa mjamzito," Selina akajibu. Jibu zuri, lakini sauti ilikuwa inatetemeka bado, na mama yake alilikunja jibu hilo akaliweka pamoja na barua.

Kutoka hapo wakashuka Magogoni kwenye pantoni. Ilikuwa imeshagonga saa nane, na kwa amri ya siku zile za kubana mafuta magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili baada ya saa hiyo. Mji ulikuwa wazi. Watu walitembea katikati ya lami, wanawake wamebeba viatu mkononi, wanaume wameweka redio begani. Bibi Josepha alishika upande wa kulia wa barabara na Ignasi upande wa kushoto, nafasi ya kutosha kupitisha lori katikati, na Selina alitembea kwenye nafasi hiyo akipeleka maneno huku na huku.

"Mama anauliza, wenye mji wamehamia wapi?"

"Mwambie wapo, hawana petroli."

"Anasema kwao pia hawana, na hawajapungukiwa kitu."

Ignasi alicheka, na alisikia ng'ambo ya barabara mkwe naye amecheka kidogo. Akaanza kuamini kwamba mambo yatapita. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walishasema, ila mwongo mwenyewe huwa anadhani ya kwake itakuwa ndefu.

Kwenye pantoni hakuna pori la kuingia. Ignasi alijibanza kwenye mnyororo wa mbele, uso kwenye maji. Pantoni ikang'oa nanga. Nassibu, mshika kamba wa pantoni, jamaa mwenye sauti ya kuuza samaki, akamwona.

"Aaah, mzee wa Jumapili! Leo umepatikana na watu? Na mimi nasema huyu bwana hana hata ndugu! Mwaka wa tatu huu kila Jumapili peke yake, anakula karanga zake, anakwenda anarudi, anakwenda anarudi. Nikajua kafiwa."

Ignasi alimkonyeza. Mtu mwingine angeelewa, Nassibu akauliza, "Jicho limeingia nini?"

Ignasi akageuka. Selina alikuwa anamtazama. Asubuhi nzima alikuwa amemtetea mume aliyebuni safari, mtu maskini mwenye kujisifu kwa wakwe, na hilo alikuwa amekwisha kumsamehe siku ile ile alipozisikia barua. Sasa aliona kwamba safari hazikubuniwa. Zilifanyika kweli, bila yeye.

"Ovataimu," Selina akasema.

"Selina…"

"Ovataimu ya karanga."

Bibi Josepha alisogea hatua moja. "Selina, mwambie mwenzio…"

"Ambianeni wenyewe," Selina akasema. "Mimi nimechoka kubeba maneno ya watu. Asubuhi nzima nabeba, langu sijalisema hata moja." Akaenda kusimama upande mwingine, kati ya baiskeli na matenga ya kuku, na hakugeuka tena mpaka Kigamboni.

Waliposhuka alivua ndala, akapita mchangani moja kwa moja hadi majini, maji yakampata magotini. Aliinama, akachota, akaonja. Akatema. Kisha akachota tena akaonja mara ya pili, kama mtu asiyeamini chumvi iliyotiwa bure wakati Kariakoo ilikuwa haipatikani.

Ignasi alibaki mchangani na mama mkwe, umbali wa hatua kumi, na hapakuwa na mtu wa kati. Bibi Josepha alikiweka kikapu chini, nusu ya njia, akarudi alipokuwa.

"Kikapu," akasema, "muulize mwenye masikio alikuwa anatafuta nini huku peke yake."

Ignasi alikitazama kikapu. "Kikapu, mwambie mama… wiki nzima nasikia nyundo. Nikirudi, chumba kimoja, kelele za wapangaji. Siku moja nilitoka tu nikapanda pantoni, nikaona raha. Sikusema. Jumapili ya pili nikawa nimeshachelewa kusema. Kisha nikawa naandika. Kwenye barua nilikuwa nakwenda naye, kikapu. Anaongea, anacheka, namwonyesha. Nikimaliza kuandika naona kama nimeshampeleka kweli."

Kikapu hakikujibu. Alijibu Bibi Josepha.

"Kikapu, na wewe mwambie. Mimi nilianza kusoma na nywele nyeupe. Nilikaa dawati moja na watu ninaoweza kuwazaa. Barua moja ilinichukua wiki, kidole juu ya neno, na kila neno nililolipita nilimwona mwanangu yuko mahali pazuri. Kwa ajili hiyo nilijifunza kusoma, nimwone. Kumbe nilikuwa namsoma mtu mwingine anayekula karanga."

Ignasi alilia. Mtu mzima, fundi wa reli, mbele ya kikapu. Hakuficha na wala hapakuwa na pa kujificha.

Selina alirudi, kanga imelowa mpaka mapajani. Alisimama kati yao, lakini safari hii hakuwa amesimama kwa ajili yao.

"Jumatatu siendi popote," akasema. "Mama, subiri kwanza. Na wewe usifurahi, sijasema nabaki. Kuna barua kumi na moja. Hii na zile mbili nimeziona. Zimebaki nane. Nitaziona zote kwa macho yangu, mimi na mama, mbili tatu kila Jumapili. Wewe Jumapili hizo utakaa foleni. Nikimaliza ya kumi na moja ndipo nitasema kama narudi kwetu au la."

"Foleni gani?" Ignasi akauliza kipumbavu.

"Ya sukari. Ya sabuni. Iliyopo. Jiwe langu utalikuta mlangoni pa duka, limepakwa chokaa."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Duka la ushirika la mtaa wao lilikuwa linagawa Jumapili, siku ambayo watu wapo nyumbani, na foleni ilianza tangu Jumamosi kwa mawe: kila mtu huweka jiwe lake mahali pake, akaenda zake, na ole wake anayesogeza jiwe la mwenzie. Ignasi alikwenda alfajiri akalikuta la Selina, la saba, jeupe. Alilisimamia kama mlinzi wa benki.

"Hilo jiwe la Selina," akasema mama mmoja wa nyuma yake, Sabaha, muuza maandazi. "Wewe nani?"

"Mumewe."

"Ahaa! Wa ovataimu!" Mstari mzima ukageuka. "Karibu, baba. Mwili huo wa ovataimu mbona umenenepa?"

Walimtania hadi jua la saa sita. Katika kutaniwa huko ndipo alipojua mambo. Kwamba mkewe ndiye aliyeanzisha utaratibu wa wajawazito kukaa kivulini mawe yao yakisogezwa na wenzao. Kwamba siku sukari ilipokwisha na watu wakataka kuvunja mlango, ni yeye aliyewachekesha mpaka wakatawanyika. Kwamba anaweza kumwigiza mwenye duka, kikohozi na yote. Miaka mitatu Ignasi alikuwa analala na mtu huyu, na habari zake anazipata kwa muuza maandazi! Miguu ilimuuma, na kifua kilimuuma zaidi.

Jumapili ya kwanza alipata sukari kilo moja. Ya pili alikosa, mgawo uliishia kwenye jiwe la tano. Ya tatu ilikuwa ya sabuni, na ndiyo Jumapili ambayo Selina na mama yake walikwenda Oysterbay, barua ya kumi na moja na ya mwisho. Tiketi ya basi la kusini Bibi Josepha alikuwa ameshakata, safari ya kesho yake. Kama ilikuwa moja au mbili, hakuna aliyemwambia Ignasi, naye hakuthubutu kuuliza hata ukuta.

Walirejea saa tisa, mtaa mtupu bila gari. Aliwaona tangu kona. Selina alikuwa na mchanga hadi kwenye vifundo, amejifunga kanga kifuani, anatembea taratibu na tumbo lake mbele. Alimpita Ignasi, akaenda kukaa kivulini na wajawazito wenzake, wakampisha.

Bibi Josepha hakwenda kivulini. Alikuja moja kwa moja kwenye mstari, akamwomba Sabaha nafasi, akasimama nyuma ya mkwewe. Nyuma kabisa, umbali usiotimia mkono mmoja. Ignasi alitazama kulia akaona ukuta, kushoto akaona watu, na mbele jiwe la mtu. Kikapu mama alikuwa amekiacha kwa Selina.

"Ignasi," akasema.

Tangu amwoe Selina alikuwa hajapata kusikia jina lake katika kinywa kile.

"Naam, mama," akajibu, akiuangalia mlango wa duka.

"Uliandika maji ya Oysterbay asubuhi ni ya moto. Si ya moto. Ni baridi."

"Ni baridi, mama. Nilikosea."

"Kesho naondoka peke yangu."

Ignasi alifungua mdomo.

"Usinishukuru, sikuamua mimi. Mimi ningemchukua. Yeye anasema mji ameupenda, wewe bado anakuangalia. Na barua ya kumi na mbili ataandika yeye mwenyewe, na za baada yake zote. Nitazisoma kwa kidole, kwa hiyo mahali ambapo hujampeleka nitapajua. Na kuku wangu usidhani nimekusamehe."

"Nitamleta, mama. Mtoto akizaliwa tu."

"Wawili, maana nimeanza kusema nawe kabla ya siku." Akamgusa bega kwa ncha ya kidole, kidole kile kile cha kusomea. "Haya, sogea, mkwe wangu. Mstari unakwenda."

Ignasi aliinama, akalinyanyua jiwe la mkewe kwa mikono miwili, akasogea.